Watoto Wetu Si Watalii: Tuwafundishe Mbaraka Mwinshehe



Kamati imeuliza watoto waimbe nini siku ya kufunga muhula. Mpaka sasa jibu ni lile lile la kila mwaka: "Jambo Bwana". Sina ugomvi na wimbo huo. Them Mushrooms waliurekodi miaka ya 1980 mwanzoni, wakati wakipiga muziki kwenye hoteli za pwani ya Kenya, na kazi yake ya kumkaribisha mgeni inaifanya vizuri sana. Lakini hapa mgeni ni nani? Mtoto aliyekaa nasi miaka minne, anayejua kuamkia shikamoo bila kusukumwa na kuhesabu mpaka elfu moja, bado tunampandisha jukwaani aimbe maneno ambayo hata mtalii wa siku tatu anayajua. Mwaka huu naomba tumfundishe Mbaraka Mwinshehe.

Kwa nyinyi watoto msiomjua: Mbaraka Mwinshehe Mwaruka alizaliwa mwaka 1944. Katikati ya miaka ya 1960 aliingia Morogoro Jazz, bendi ya mji wa Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Alitunga, aliimba, na alipiga gitaa la solo kiasi kwamba watu wakambandika jina la Soloist National. Sikilizeni hasa pale waimbaji wanaponyamaza. Gitaa linaendelea na mazungumzo, kama mzee aliyeachiwa nafasi barazani na hana haraka ya kuimaliza. Mwaka 1973 akaanzisha bendi yake, Super Volcano. Tarehe 12 Januari 1979 alifariki kwa ajali ya gari huko Mombasa, akiwa na miaka 34. Baba zenu wengi hapa wamekwisha kumpita umri. Mimi nimempita kwa miaka kumi na tatu, na sijatunga hata wimbo mmoja.

Na si yeye peke yake. Salum Abdallah wa Cuban Marimba, wa mji huo huo wa Morogoro, naye alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1965, hajafika miaka 40. Mji mmoja wa reli na mkonge, watunzi wawili wakubwa, na barabara ikawachukua wote. Kila ninapokwenda nyumbani, basi likianza kulipita lori kwenye kona, hao ndio ninaowakumbuka.

Mtauliza, Mtanzania huyu alikuwa akitafuta nini Kenya? Wakati ule Tanzania haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri. Bendi zilirekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam zikasikika redioni, lakini aliyetaka santuri ya kuuza alitazama Nairobi. Ndiyo maana wimbo wake "Shida" ulipendwa Kenya kama ulivyopendwa kwao, na ndiyo maana katika ukumbi wetu, ambako Wakenya na Watanzania hatujaafikiana mpaka leo kuhusu kitabu cha sarufi, sijasikia mtu akibishana juu ya Mbaraka. Kila upande unasema ni wake.

Lakini sababu yangu kubwa ni nyingine, na inaitwa "Expo 70". Mwaka 1970 yalifanyika maonyesho makubwa ya dunia mjini Osaka, Japani, na Mbaraka na wenzake walikwenda huko kupiga muziki. Fikirieni vijana wa Morogoro mwaka ule, wanashuka Japani! Aliitungia safari hiyo wimbo, tena kwa Kiswahili. Hakuona kwamba Osaka ni mahali pa kusimuliwa kwa lugha nyingine.

Sasa tuwaangalie watoto wetu. Tunawafundisha nazi, mbuzi, kisima na shamba la bibi, mambo ambayo wengi wameyaona mara moja au hawajayaona kabisa. Theluji, treni ya chini ya ardhi, ugomvi na rafiki kwenye korido ya shule, hayo wanayasema kwa Kiingereza, kwa sababu hakuna aliyewaonyesha kwamba Kiswahili kinayaweza. Mbaraka aliweza kuiweka Osaka ndani ya Kiswahili. Mtoto wa darasa la tatu atashindwa kuiweka Leicester?

Nikiri na langu. Binti yangu aliwahi kuniuliza garini, "Baba, huyu anaimba nini?" Nilikuwa natafuta maegesho, nikamjibu, "Nyimbo za zamani tu." Ana miaka 14 sasa, anavaa vifaa vyake masikioni tangu mlangoni mpaka tunakokwenda, na hajauliza tena. Zilipendwa tumezifanya mali yetu wazazi, za kupigia machozi usiku wa harusi, halafu tunashangaa watoto hawazipendi. Mtu hapendi asichofasiriwa.

Mama mmoja aliniambia nyimbo hizi ni za mapenzi na ulevi. Zipo, sikatai, nazo tutaziacha. Lakini mtu huyu huyu alitunga pia maombolezo ya Dk. Kleruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa aliyeuawa siku ya Krismasi mwaka 1971. Watoto wakubwa wanaweza kujifunza humo jinsi watu wetu wanavyomlilia kiongozi. Wapo pia wazazi wasiotaka gitaa nyumbani kwao kabisa, na nawaheshimu. Watoto wao wasome maneno bila ala, kama shairi.

Ninachoomba ni kidogo. Tupate wimbo mmoja, tuusikilize wiki tatu, mwalimu aeleze kila neno, kisha kila mtoto atunge beti moja yake juu ya mji huu tunaoishi. Wakikosea ngeli jukwaani, wakosee. Afadhali ngeli iliyokosewa na mtu mwenye la kusema.

Nina kaseti nne na redio moja ambayo bado inacheza ukiipiga kofi ubavuni. Jumamosi ijayo nitakuwa nazo jikoni nyuma ya ukumbi tangu saa nne asubuhi. Chai ipo, maandazi alete anayejua kuyapika.