Hewa chafu ya mjini, hasara ya mkulima wa mpunga

Ikitajwa ozoni wengi wetu hufikiria lile tabaka la juu linalotukinga na mionzi mikali ya jua. Hiyo ni neema. Lakini ipo ozoni nyingine huku chini tunakovuta pumzi, nayo ni sumu. Haitoki moja kwa moja kwenye bomba la gari. Moshi wa magari, viwanda na taka zinazochomwa una gesi ambazo zikipigwa na jua kali hugeuka na kuzalisha ozoni.

Sisi matabibu tunajua inavyombana kifua mwenye pumu. Huyo tutamshauri akae ndani saa za jua kali. Je, mpunga utauambia ukimbilie wapi?

Jani la mpunga lina vitundu vidogo mno vya kupitishia hewa. Ozoni huingia humo na kuliharibu jani kwa ndani. Jani huzeeka kabla ya wakati wake, mmea hukosa chakula cha kutosha, na masuke hubeba punje chache na nyepesi. Mkulima hulaumu mbegu au mvua, kwani gesi hii haionekani kwa macho.

Hasara yake si ndogo. Utafiti uliotolewa mwaka 2014 ulikadiria kuwa India ilipoteza tani milioni 2.1 hivi za mchele kwa sababu ya ozoni katika mwaka 2005 pekee. Mwingine wa mwaka 2022 ulikadiria kuwa China hupoteza asilimia 23 ya mavuno ya mpunga ambayo ingeyapata hewa ingekuwa safi. Na Asia ndiko unakotoka mchele mwingi wa kigeni tunaonunua madukani.

Kwa maoni yangu, hii ni dhulma. Upepo huichukua hewa ya mjini hadi vijijini, hivyo mkulima asiye na hata pikipiki hulipia kwa magunia yake moshi wa wenye magari.

Basi ndugu zangu, usafi usiishie kwenye kufagia uwanja na kunawa mikono. Tuache kuchoma taka na plastiki, gari linalofuka moshi lipelekwe kwa fundi, na mabua yasiteketezwe baada ya mavuno. Nao wenye mamlaka waipime hewa ya mashambani kama ya mijini. Maradhi yasiyopimwa hutibiwa kwa kubahatisha, na shamba nalo huugua.