Mama Naye Apandishwe Mizanini

Katika kliniki za mama na mtoto nchini Tanzania, mizani ya kuning'iniza watoto ni chombo kisichokosa kazi. Mtoto huvuliwa nguo, huning'inizwa, uzito wake husomwa, na nukta hutiwa katika kadi yake. Kazi hiyo hurudiwa mwezi baada ya mwezi mpaka atimize miaka mitano. Ni utaratibu mwema, nao umesaidia kugundua utapiamlo mapema kabla haujaleta madhara makubwa. Lakini ipo mizani ya pili, ile ya kusimama, ambayo mama aliipanda kila alipohudhuria kliniki wakati wa ujauzito. Mtoto akisha kuzaliwa na siku 42 za uangalizi zikipita, mizani hiyo aghalabu haimhusu tena. Tangu hapo mama huja kliniki kama mchukuzi wa mtoto. Uzito wake huachwa kuwa shauri lake mwenyewe, la gauni lisilofunga, na la ndimi za mawifi na majirani.

Hali hiyo haifai kuendelea. Uzito wa mwanamke baada ya kujifungua si kipimo cha urembo wake wala cha uvivu wake. Ni jambo la afya ya jamii, tena latokana kwa kiasi kikubwa na jinsi kazi, chakula na usingizi vinavyogawanywa nyumbani. Kwa sababu hiyo lastahili kupimwa, kuandikwa na kusaidiwa, kama lipimwavyo lile la mtoto.

Hesabu ya kilo

Mahali pa kuanzia ni hesabu. Mwanamke mwenye afya ambaye uzito wake umeongezeka kwa kilo 12.5 hadi mwisho wa mimba hakuongezeka mafuta matupu. Mtoto huchukua takriban kilo 3.4, kondo la nyuma gramu 650, na maji yanayomzunguka mtoto gramu 800. Mji wa mimba, ambao kabla ya hapo huwa na gramu 60 hivi tu, hukua hata kukaribia kilo 1. Damu huongezeka kwa kilo 1.4 hivi, maji mengine ya mwilini kwa kiasi kama hicho, na matiti kwa gramu 400. Kinachobaki, yaani kilo 3.3 hivi, ni mafuta.

Siku ya kujifungua, mtoto, kondo na maji hutoka. Hizo ni karibu kilo 5. Katika majuma sita yafuatayo mji wa mimba husinyaa, na maji ya ziada hutoka kwa mkojo na jasho. Ndiyo maana akina mama wengi huona uzito ukishuka upesi hapo mwanzo, kisha ukasita. Wengi hudhani wamekosea jambo. La hasha! Kilichotoka mwanzoni kilikuwa maji kwa sehemu kubwa. Kilichobaki ni mafuta, na mafuta hayatoki kwa jasho wala kwa mkojo. Hayana budi kutumiwa na mwili kama kuni zitumiwavyo na moto, na kilo moja ya mafuta ya mwili ina nishati ya kilokalori 7,700 hivi.

Mafuta hayo hayakuwekwa bure. Ni akiba ya maziwa. Wataalamu wa Shirika la Chakula na Kilimo, Shirika la Afya Duniani na Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa, katika ripoti yao ya mwaka 2004, walikadiria kwamba mama anayemnyonyesha mtoto maziwa yake tu kwa miezi sita ya kwanza hutumia kilokalori 675 za ziada kila siku. Kati ya hizo, 170 hivi huweza kutoka katika akiba ya mwili, na 505 hutakiwa zitoke katika chakula. Kwa kasi hiyo mama aliyelishwa vizuri hupungua takriban kilo 0.8 kwa mwezi. Basi zile kilo 3.3 zahitaji zaidi ya miezi minne, na hiyo ni hesabu ya mwanamke ambaye uzito wake haukuongezeka kupita kiasi, na ambaye chakula chake hakikuzidi haja. Anayetakiwa arudie umbo lake mara tu arobaini itimiapo anatakiwa kufanya jambo ambalo mwili haukuumbiwa.

Mkaja, mtori na jembe

Desturi zilimjali mzazi. Huko pwani hukandwa kwa maji ya moto, hufungwa mkaja tumboni, na hunyweshwa uji wa pilipili manga. Kilimanjaro hupikiwa mtori wa ndizi na nyama. Kwa siku arobaini hukatazwa kazi nzito, na wanawake wenzake humfanyia. Sayansi haina ugomvi na mapumziko hayo. Laiti kila mama angeyapata. Mkaja waweza kuyashikiza matumbo yaliyolegea na kumpa mama nafuu anapoinuka, ingawa hauunguzi mafuta. Uji na mtori humpa maji na nishati ya kunyonyeshea.

Lakini yafaa ikumbukwe kwamba desturi hizo zilikwenda pamoja na jembe. Siku ya arobaini na moja mama alirudi shambani, kisimani na kinuni, na chakula kile kikapata kazi ya kufanya. Kwa mama wa mjini leo, chakula kimebaki na jembe limeondoka. Anakaa chumbani na mtoto, au anarudi katika kiti cha ofisi baada ya saa mbili ndani ya daladala, na bado kila ajaye kumtazama anamhimiza ale ili maziwa yajae. Wageni nao huja na soda. Chupa moja ya mililita 300 ina takriban gramu 30 za sukari, yaani kilokalori 120 hivi. Chupa nne kwa siku zinakaribia kumaliza nyongeza yote ya chakula ambayo mama anayenyonyesha anahitaji, bila kumpa protini, madini ya chuma wala vitamini yoyote. Maharage, dagaa, mboga za majani, mayai na matunda vingemfaa zaidi, na kiu yake ingetulizwa na maji.

Jambo jingine ambalo halisemwi mara nyingi ni usingizi. Utafiti uliofanywa Massachusetts, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2008, uliwafuata akina mama kwa mwaka mzima baada ya kujifungua. Wale waliolala saa tano au pungufu kwa siku mtoto alipokuwa na miezi sita walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kubaki na kilo 5 au zaidi mwaka ulipotimia. Mwili uliokosa usingizi hutamani chakula zaidi na hukosa nguvu ya kutembea. Kumwambia mwanamke wa namna hiyo ajitahidi, huku hakuna anayemshikia mtoto usiku hata mara moja, ni kumbebesha mzigo wa pili badala ya kumtua ule wa kwanza.

Haraka ina hasara

Penye haja hapakosi wachuuzi. Chai na vidonge vya kupunguza unene huuzwa madukani na mikononi, na akina mama wenye watoto wachanga ni wateja wao. Baadhi ya chai hizo huharisha tu: maji hupotea, mizani hushuka kwa siku mbili, na mafuta hubaki palepale. Nyingine ni za hatari kubwa zaidi. Dawa iitwayo sibutramini iliondolewa katika masoko ya Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya madhara yake kwa moyo na mishipa ya damu, na hata baada ya hapo imekutwa mara kwa mara ndani ya bidhaa zinazodaiwa kuwa za mitishamba mitupu. Mama anayenyonyesha hana haki ya kujaribia mwili wake vitu vya namna hiyo, kwa kuwa hajaribii mwili mmoja.

Njia ya polepole, kwa upande mwingine, imejaribiwa. Mwaka 2000 watafiti wa North Carolina walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wanawake 40 waliokuwa na uzito uliozidi na waliokuwa wakinyonyesha. Kuanzia juma la nne, nusu yao walipunguza chakula kwa kiasi na kufanya mazoezi kwa majuma kumi. Walipungua karibu nusu kilo kwa juma, na watoto wao walikua sawasawa na wale wa wenzao. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lapendekeza kwamba mwanamke aliyejifungua, asiyekatazwa na mganga, afanye angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa juma. Kutembea kwa mwendo wa haraka nusu saa kwa siku tano kwatosha, wala hakuhitaji ada.

Kwa nini ipimwe

Yuko atakayesema kwamba wauguzi wamezidiwa na kazi, na kwamba kwa mama wengi hatari si unene bali ni wembamba. Hoja ya pili ndiyo hasa inayotetea mizani. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba kati ya kila wanawake 100 wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wapatao 10 walikuwa wembamba kupita kiasi, na 28 walikuwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Macho ya majirani huwasema hao 28 na kuwasahau wale 10. Mizani haimsahau yeyote.

Kadhalika, kilo zilizobaki ni mwanzo wa mimba ifuatayo. Nchini Sweden, uchunguzi wa wanawake zaidi ya 150,000 uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba walioongezeka uzito sana kati ya mimba ya kwanza na ya pili walipatwa zaidi na shinikizo la damu la mimba na kisukari cha mimba, hata wale ambao hawakuwa wanene. Na mwanamke aliyewahi kupata kisukari cha mimba ana hatari ya kupata kisukari cha kudumu mara saba au zaidi kuliko mwenzake. Huyu hasa hapaswi kupotea machoni pa kliniki siku ya 42.

Kumpima mama ni kazi ya dakika moja, na mizani tayari ipo. Yatosha miezi mitatu kwa miezi mitatu katika mwaka wa kwanza, siku ileile aliyomleta mtoto. Namba iandikwe, isitangazwe mbele ya foleni. Mwuguzi asianze kwa kumlaumu. Aanze kwa kuuliza: unalala saa ngapi, mama? Nani anakusaidia? Unakula nini, na saa ngapi? Majibu ya maswali hayo yatafundisha zaidi kuliko namba yenyewe.

Mizani pekee haitoshi, lakini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mama likizo ya uzazi ya siku 84, na akirudi kazini humruhusu muda usiozidi saa mbili kwa siku wa kunyonyesha. Siku 84 si nusu ya miezi sita, na zile saa mbili hazina maana mahali ambapo mwajiri huzichukia au mtoto yuko mbali. Nyumbani nako, baba anayetaka kumwona mkewe na afya yake ya awali anayo njia iliyo wazi: amshike mtoto kwa saa moja jioni ili mama atembee, aamke usiku mmoja katika kila mbili, na abebe ndoo ya maji mwenyewe.

Mwili ulichukua miezi tisa kuweka akiba hiyo, nao wastahili kupewa miezi tisa, hata mwaka, kuitoa. Muda huo mama hawezi kuupata peke yake. Wenye uwezo wa kumpa ni mume, mwajiri na kliniki, na hao ndio wapaswao kuulizwa kwanza pindi uzito usiposhuka.