Kikosi cha Viumbe Sita

Mtoto akilia kwa kushindwa katika mchezo wa video wa Pokémon, tusikimbilie kumnyang'anya. Tukitazame kwanza kikosi chake. Tangu mchezo wa kwanza, uliotolewa Japani mwaka 1996, mchezaji hubeba viumbe sita tu kwa wakati mmoja. Wengi humlea Charmander wa moto, wakawasahau wengine. Wakifika kwa Brock, mpinzani mwenye viumbe wa mawe, moto hupungua nguvu. Maji na majani ndiyo huyashinda mawe. Basi tumwulize: wa maji yuko wapi? Wa umeme je? Sita wote wa moto ni ugali bila mboga (sisi wauguzi hatuachi mazoea!). Halafu tumwache achague mwenyewe, hata akimbakiza yule dhaifu ampendaye.