Kipimamwanga Kisingiziwapo Ubovu

Kamera ya filamu iliyotengenezwa katika miaka ya 1960 au ya 1970 ni chombo imara. Yaweza kulala kabatini miaka thelathini, na siku itolewapo shata yake ikafunguka na kufunga kama kawaida. Kiungo kinachotangulia kulegea, au kwa hakika zaidi kinachotangulia kulaumiwa, ni kipimamwanga. Mtu wa Misungwi aliyerithi Zenit, Yashica au Pentax ya marehemu babaye huielekeza dirishani, huona mshale hauchezi, naye hutamka papo hapo kwamba kamera imekufa. Hukumu hiyo hutolewa pasipo mashahidi kusikilizwa, na aghalabu si ya haki.

Hasara ya hukumu ya haraka si ndogo. Mkanda wa filamu wa milimita 35 hutoa picha 36, na kosa la mwanga halijulikani mpaka mkanda umekwisha kusafishwa. Harusi hairudiwi kwa ajili ya mpiga picha. Walakini wapo pia wanaopotewa kwa njia ya pili, nao ni wale ambao mshale wao unacheza vizuri kabisa, lakini unasema uongo.

Swali la kwanza ambalo fundi hana budi kujiuliza ni hili: chombo hiki kinakula nini? Kamera za namna ya Zenit-E, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1965, na Olympus Trip 35, ya mwaka 1967, zina kiini cha seleni, nacho hugeuza mwanga kuwa mkondo mdogo wa umeme bila msaada wa betri yoyote. Tabia ya seleni mbele ya mwanga ilitambuliwa mwaka 1873 na Willoughby Smith, aliyekuwa akitafuta kitu cha kupimia nyaya za simu za chini ya bahari, wala hakuwa na habari za picha. Kutafuta mahali pa betri katika kamera hizi ni kazi bure, ijapokuwa wapo waliokwisha kufungua kamera nzima kwa ajili hiyo.

Katika Trip 35 jaribio ni jepesi. Gurudumu la lenzi liwekwe kwenye alama ya A, kiini kifunikwe kwa kiganja, kisha kitufe kibonyezwe. Kibendera chekundu kikijitokeza gizani na kisijitokeze juani, kiini kingali hai. Kikijitokeza hata adhuhuri penye jua kali, basi kiini kimekwisha nguvu au waya wake umekatika. Katika Zenit-E mshale wenyewe utazamwe wakati kamera inapotolewa kivulini na kuingizwa juani. Hapa pana onyo moja: mita ya kupimia ukinzani isiunganishwe moja kwa moja na mtambo wa mshale. Mtambo huo uliundwa kwa mkondo wa sehemu ndogo mno za ampea, na mkondo utokao katika mita waweza kuukunja mshale au kuunguza koili yake. Fundi redio mwema aweza kuiua kamera iliyokuwa nzima kwa sababu tu alitaka kuhakikisha kwamba ni nzima.

Kundi la pili ni la kamera zenye kiini cha kadimiamu salfaidi. Kiini hiki hakizalishi umeme; hupunguza ukinzani wake kadiri mwanga unavyozidi, na umeme hutoka katika betri. Ugonjwa wa kwanza wa kamera hizi ni kutu. Betri ya zamani iliyosahauliwa ndani huvuja, ikaacha ukoko mweupe au wa kijani juu ya vipande vya shaba. Pamba iliyochovywa kidogo katika siki huyeyusha ukoko wa betri za alkali. Baadaye sehemu hiyo ipanguswe kwa spiriti na kuachwa ikauke. Mara nyingi waya uliofungwa chini ya kikombe cha betri nao umeliwa, na kipande kipya cha sentimita chache pamoja na tone la risasi ya kuchomelea hutosha kumfufua aliyedhaniwa maiti.

Ugonjwa wa pili ni wa hila zaidi. Kamera nyingi za kundi hili, kama Minolta SRT-101 na Canon FTb, ziliundwa kwa betri ya zebaki yenye volti 1.35. Betri hiyo, ambayo chanzo chake ni kazi ya Mmarekani Samuel Ruben wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ilikuwa na sifa isiyo ya kawaida: ilishika volti zake karibu bila kubadilika mpaka siku ya kufa kwake. Wahandisi wakaitegemea kama mizani inavyotegemea jiwe lake. Betri hizo zilipopigwa marufuku katika nchi moja baada ya nyingine, watu walitia ndani za alkali zenye volti 1.5, ambazo pia hushuka polepole kadiri zitumikavyo. Mshale unaosukumwa na volti za ziada hupanda kupita kiasi; mpiga picha hudhani mwanga ni mwingi, hubana tundu la lenzi, na picha hutoka na giza. Betri inapochoka kosa hubadilika, na hapo mtu hushindwa kabisa kujua amlaumu nani. Pentax Spotmatic haimo katika shida hii, maana saketi yake ni ya ulinganifu, na mizani yake haitikiswi sana na volti za betri. Kwa nyingine, betri ya zinki na hewa itumiwayo katika vifaa vya kusikilizia, yenye volti 1.4, hufaa kwa majuma kadhaa ikishikizwa kwa pete ndogo ili isichezecheze. Vilevile dayodi ndogo ya kushusha volti yaweza kuungwa katika waya, ikitumiwa pamoja na betri ya fedha.

Lipo shauri lisemalo kwamba dawa ya kweli ni kutafuta betri za zebaki zilizosalia katika maghala ya zamani. Shauri hilo lastahili kukataliwa, na katika Kanda ya Ziwa lastahili kukataliwa mara mbili. Zebaki si ngeni huku: wachimbaji wadogo wa dhahabu huitumia kukamata vumbi la dhahabu, na Misungwi yenyewe ina machimbo kama yale ya Ishokelahela. Zebaki ikifika majini, vijidudu huigeuza kuwa zebaki ya methili, nayo hupanda kutoka kwa samaki mdogo hadi kwa samaki mla samaki, na hatimaye hadi kwa mla sangara. Mji wa Minamata nchini Japani, ambako ugonjwa huo ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, umeupa jina lake mkataba wa kimataifa wa mwaka 2013, nao uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuuza betri za jinsi hii. Betri ya zebaki itakayokutwa ndani ya kamera ya urithi isitupwe shimoni wala isichomwe pamoja na takataka. Itiwe katika chupa yenye kizibo na kuandikwa jina lake, mpaka ipatikane njia halali ya kuiondoa.

Baada ya hayo yote hubaki kundi kubwa la kamera ambazo hazina ubovu wowote. Kipimamwanga cha ndani ya kamera hakijui kinatazama nini. Hupima mwanga unaorudishwa na kitu, kikichukulia kwamba kila kitu duniani ni cha rangi ya kijivu cha wastani. Kikielekezwa kwenye shela jeupe la bibi harusi, hushauri mwanga upunguzwe, na uso wa bibi harusi huwa kama mkaa. Uso mweusi uliosimama mbele ya ukuta uliopakwa chokaa hupatwa na mkasa uleule. Kwa kinyume, uso huohuo ukijaza picha nzima, kipimo hushauri mwanga uongezwe kupita haja, na ngozi hupauka. Kwa miaka mingi wateja wa studio walikubali picha za namna hiyo na kuambiwa kwamba filamu ndiyo ilivyo. Filamu nazo zilikuwa na lawama zao, lakini dawa ya sehemu hii ilikuwa rahisi: kusogea karibu, kupima uso peke yake, na kupunguza mwanga kidogo kuliko mshale ulivyoshauri.

Anayesimama Kigongo adhuhuri na kuielekeza kamera kwenye Ghuba ya Mwanza, mahali ambapo tangu Juni 2025 daraja la karibu kilomita 3 limechukua nafasi ya kivuko, hukutana na shida mbili kwa mpigo. Maji yang'aayo humdanganya mshale. Kisha, akigeuka kumpiga picha mtu aliye chini ya mwembe, kiini cha kadimiamu bado kinakumbuka mng'ao wa ziwa, na huhitaji muda kabla ya kusema kweli. Huo si ubovu. Ni tabia ya chombo, na subira kidogo yatosha kuutibu.

Misungwi iko karibu nyuzi 3 kusini ya ikweta, hivyo jua hupita utosini katikati ya Machi na tena mwishoni mwa Septemba. Kanuni ya kale ya wapiga picha yasema kwamba penye jua kamili, kwa filamu ya kiwango cha 100, tundu la 16 na kasi ya sehemu ya 125 ya sekunde hutosha. Kipimo kikikubaliana na kanuni hii, kiachwe kwa amani. Lakini jua la utosini hutia kivuli machoni na chini ya kofia, na kwa uso tundu lifunguliwe hatua moja au mbili zaidi. Kwa ulinganisho wa kudumu nchi hii imejaliwa mawe ya matale: jiwe lilelile, saa ileile, anga likiwa safi, lipimwe kila mwezi na jibu liandikwe daftarini. Weupe au weusi wa jiwe si hoja. Hoja ni kwamba jiwe halibadiliki, hivyo mshale ukibadilika yajulikana nani amehama. Kituo cha Ukiriguru, kilichomo wilayani humo na kilichoanza utafiti wa pamba katika miaka ya 1930, kisingeweza kulinganisha mbegu mbili kwa mizani isiyolinganishwa.

Ajabu ni kwamba mambo haya yote, yaani mkondo, ukinzani, volti na koili ndani ya sumaku, hufundishwa katika sekondari kwa michoro ubaoni, wakati mfano wake hai umo kabatini mwa jirani. Walimu wa fizikia wa Misungwi wangefanya vema kuziomba kamera zilizokwisha kuhukumiwa kifo. Wanafunzi wakizichunguza kumi, wakaanza na betri na kumalizia na mshale, zitakazopona zirudi kwa wenyewe, na kiini cha ile isiyopona kitolewe kwa uangalifu, kifungwe katika karatasi nyeusi kisipigwe na mwanga bure, na kiwekwe akiba kwa ajili ya nyingine ya jinsi yake.