Kontena Lisilosikia Amri

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tulivyofundishwa. Katika kompyuta nimeona kinyume chake: kontena ndilo lililokataa kusikia, na walioumia ni kina mama wa soko ambao hawajui hata kama lipo.

Mimi ni mwanafunzi hapa Kampala. Mwaka jana, mimi na wenzangu wawili tuliwawekea kina mama wa kikundi kimoja cha akiba programu ya kuandika michango yao. Ilikuja katika taswira ya Docker, yaani furushi lililofungwa programu pamoja na vyote inavyohitaji. Furushi hilo likiwa kazini ndilo kontena. Jioni moja umeme ulikatika, betri ikaanza kuisha, nami nikaliamuru kontena lisimame. Asubuhi michango ya mchana mzima haikuwepo. Mweka hazina akaniuliza, "Mwanangu, si uliizima mwenyewe vizuri? Mbona haikuandika?" Sikuwa na jibu.

Jibu nililipata baadaye. Docker ikiambiwa isimamishe kontena, kwa kawaida hutuma ishara ya SIGTERM kwa mchakato wenye namba 1, kisha husubiri sekunde 10. Zikipita bila kutiiwa, huua kwa SIGKILL, ambayo programu haiwezi kuikwepa. Programu yetu ilijua kuhifadhi kila kitu ikipata ishara ya kwanza. Lakini aliyeifunga taswira aliiwasha kupitia hati ya amri, na hati hiyo ndiyo iliyoshika namba 1. Ilipokea ishara, ikakaa nayo. Programu ikauawa bila kuambiwa lolote.

Nilipotaka kuingia ndani nichunguze, niliandika bash baada ya jina la taswira, kama ilivyo desturi. Programu ikawaka kama kawaida. Neno langu halikusomwa kabisa.

Nilimlalamikia aliyeifunga. Akaniambia nisome maelekezo yake, kwani kila fundi ana mtindo wake. Hapo ndipo ninapokataa. Hapa Kampala abiria akisema "maaso awo", teksi yoyote hutafuta pa kusimama. Hebu fikiria kila teksi ingekuwa na neno lake la kushukia, limeandikwa kwenye karatasi chini ya kiti! Nani angeuita huo mtindo?

Desturi ipo, wala si siri. CMD hutaja amri ya kawaida, na mtumiaji akiandika ya kwake, hiyo ndiyo hushika nafasi. ENTRYPOINT hutaja kinachotangulia daima. Mwongozo wa taswira rasmi za Docker unataka hata mtumiaji anayeanza aweze kuandika bash baada ya jina la taswira na kuingia, bila kujifunza njia nyingine ya kuzunguka.

Wapo watakaosema kwamba taswira nyingine zina kazi moja tu, na kuandika jina la programu kila mara kunachosha. Ni kweli. Lakini hati fupi huwatosha wote: neno la kwanza likianza na kistari, lihesabiwe kuwa chaguo la programu, likiwa jina la amri, amri hiyo iendeshwe. Mwishoni iandikwe exec "$@", ili hati iiachie programu nafasi yake pamoja na namba 1. Huo ni mstari mmoja. Fundi aliuacha, na kina mama wakapoteza siku mbili wakilinganisha vijidaftari vyao na kuulizana nani alitoa shilingi ngapi. Wawili hawajaelewana hadi leo.

Nami nina lawama yangu: sikujaribu kulizima kontena kabla ya kuwakabidhi watu akiba yao. Siku hizi, nikipewa taswira, hufanya mambo mawili kwanza. Naandika bash nione kama nitafunguliwa mlango. Kisha naliwasha kontena na kulizima huku nikitazama saa. Likichukua sekunde 10 kamili, namrudishia fundi furushi lake.