Nani Kamtoa Nani?

Mwanamume akimuoa mhudumu wa baa huku kwetu mwambao wa Lindi, kuanzia Somanga hadi Mchinga, habari hupita mtaani kwa maneno mawili: kamtoa baa. Bibi harusi hatajwi jina. Hakuna anayeuliza mahari ilikuwa kiasi gani, wala kama binti wa watu ana wazazi, ana watoto, ana kiwanja mahali. Kinachotangazwa ni fadhila ya mwanamume. Nadhani ndoa nyingi za namna hii huanza kuoza hapo hapo, pilau haijaisha sufuriani.

Toleo hili tumelitenga kwa jambo ambalo barazani huzungumzwa kwa kicheko na uani kwa kunong'ona: kumchumbia au kumuoa mwanamke anayeuza mwili, au aliyewahi kuuza. Niseme mapema nilipo, msomaji asihangaike kunitafuta. Mwanamume anayesema "mimi siwezi" sina ugomvi naye. Ndoa hailazimishwi, na kila mtu ana haki ya kuchagua atakayezeeka naye. Ninayemlaumu ni yule aliyeweza: akatuma mshenga, akatoa mahari, akatamka kuwa ameridhia mbele ya walii na mashahidi, kisha akaigeuza ridhaa yake kuwa deni analomdai mkewe mpaka mmoja wao azikwe.

Deni hilo lina njia nyingi za kudaiwa. Mke akichelewa kurudi sokoni, anakumbushwa. Akiomba hela ya matumizi, anaambiwa amezoea hela za haraka. Mume akitaka mke wa pili na yeye akanung'unika, anaulizwa tangu lini mtu kama yeye akawa na wivu. Akipigwa, majirani wanasema mwenzie ana sababu. Na huyo mume alimfahamia wapi? Hakumkuta madrasa. Alikuwa mteja, au alikaa meza moja na mteja, na miaka aliyokalia kiti kile hakuna anayemhesabia. Mtu mmoja katoka baa akasifiwa, mwenziwe katoka baa ile ile, usiku ule ule, akasamehewa kwa masharti.

Tuutazame mwambao wenyewe kwanza, maana mambo haya hayakushuka na mvua. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, Rufiji ilivukwa kwa pantoni, na masika yakikolea kusini kulikuwa kama kisiwa. Lami ikafuata, ikaja kuziba na kile kipande cha Ndundu hadi Somanga kilichowatesa abiria miaka mingi. Sasa malori na mabasi ya Mtwara yanapita usiku na mchana, na pale Nangurukuru, njia inapochepuka kwenda Kilwa Masoko, watu wanashuka, wanakula, wanalala. Wavuvi wa dago, wanaopiga kambi ufukweni, nao wana misimu yao. Juu ya hayo kuna ufuta na korosho. Mfumo wa stakabadhi ghalani umefanya hela ya mwaka mzima iingie kwa mkulima kwa mkupuo, na mara nyingi jina lililo kwenye akaunti ni la baba. Palipo na wanaume wenye hela ya ghafla na vyumba vya kulipia kwa usiku, biashara hii haihitaji kupigiwa debe. Wanaoifanya si wote wageni kutoka Dar es Salaam, kama tunavyopenda kujidanganya. Wengine ni watoto wa vijiji vya jirani, na bati la nyumba ya mama limetoka huko. Mama anajua, na bati halirudishwi dukani. (Msichana wa chini ya miaka 18 hayumo katika mjadala huu. Huyo katendewa jinai, na tangu 1998 tuna sheria mahususi ya makosa ya kujamiiana.)

Basi kinachotuudhi ni nini hasa? Wengi watajibu kuwa ni hela kuingia mahali pa mapenzi. Sikubali. Wazee wetu hulalamika kila mwaka kwamba mnada wa mazao ukishalipa posa zinazidi, na hela ikikauka talaka zinafuata. Binti aliyeolewa ufuta ukilipwa na kuachwa kabla ya Ramadhani anakaa edaa, anamaliza, anaolewa tena, na hakuna anayemtemea mate. Pwani hii mwanamke wa ndoa ya tatu au ya nne hajifichi. Wala si hela kutoka kwa mwanamume kwenda upande wa mwanamke, kwa sababu mahari ni hela, mkaja wa mama ni hela, kilemba cha baba ni hela, na mshenga akifika na bahasha nyepesi huonyeshwa njia aliyojia. Tofauti ninayoiona mimi ni moja. Katika posa hela hupita mikononi mwa wazee. Yule wa baa ameipokea mwenyewe, akaikunja, akaamua mwenyewe pa kuipeleka. Hilo ndilo tusilomsamehe, ingawa tunalisema kwa lugha ya usafi.

Tazameni ndoa ya mkeka. Kijana akikutwa alfajiri chumbani kwa binti wa mtu, shehe anaitwa, mkeka unatandikwa, jua likichomoza ni mume wa mtu. Kijana huyo huyo akikutwa gesti, analipa chumba na kuondoka. Tendo ni lile lile. Binti wa kwanza alikuwa na baba mlangoni.

Dini itatajwa, na itajwe kwa elimu. Aya ya tatu ya Suratun-Nur, inayohusu mzinifu na anayefaa kumuoa, ina kisa chake katika vitabu vya hadithi. Marthad bin Abi Marthad, sahaba aliyekuwa akienda Makka kwa siri kuwatorosha Waislamu waliofungwa, alikuwa na rafiki yake wa zamani huko, mwanamke aliyejiuza, jina lake Anaq. Alimuuliza Mtume kama anaweza kumuoa. Mtume alinyamaza mpaka aya ikashuka, na Marthad akaambiwa asimuoe. Anayesoma mpaka hapo hufunga kitabu. Lakini wanazuoni hawakukifunga. Wako waliosema, na Imamu Shafi ni miongoni mwao, kwamba hukumu hiyo ilifutwa na aya ya 32 ya sura ile ile, inayohimiza kuwaoza wasio na wenza. Kwa hiyo katika madhehebu yanayofuatwa na wengi wa Waislamu wa Kilwa na Lindi, ndoa hiyo inasihi, hata kama haipendekezwi. Wafuasi wa Imamu Ahmad bin Hanbal wao wanataka toba kwanza. Ni khitilafu ya wasomi, ya karne nyingi, na inashangaza kuona kijiwe cha kahawa kikiimaliza kwa sentensi moja. Wakristo nao wasikae pembeni wakitutazama: Rahabu wa Yeriko, kahaba, ametajwa kwa jina katika ukoo wa Yesu, sura ya kwanza ya Mathayo. Ninachotaka msomaji akione ni kwamba hata wanaodai toba, wanaidai kabla ya ndoa. Sijaona fakihi aliyesema mke atubu upya kila mume akikasirika.

Historia yetu nayo ina la kusema, na inauma. Kilwa Kivinje ya karne ya 19 ilikuwa bandari kuu ya watumwa wa kusini. Misafara kutoka Ziwa Nyasa iliishia hapo, na hata baada ya Sultani Barghash kutia saini mkataba wa 1873 wa kufunga biashara hiyo baharini, wengine waliswagwa kwa miguu kuelekea kaskazini. Wanawake waliouzwa waliingia nyumba za watu kama masuria. Sisemi suria na mwanamke wa baa ni kitu kimoja, kwani suria hakuulizwa. Nasema tu kwamba mwambao huu ulikuwa na njia ya kumchukua mwanamke aliyelipiwa hela hadharani na kumfanya mama wa nyumba. Sheria ilimkinga: mtoto aliyekubaliwa na bwana wake alizaliwa huru, na mama hakuuzwa tena. Majid na Barghash, waliotawala Unguja mmoja baada ya mwingine, wote wawili ni wana wa masuria, na hakuna aliyethubutu kumwambia sultani kuwa mama yake alinunuliwa. Kwa wadogo haikuwa hivyo. Utumwa ulikomeshwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, lakini swali la asili ya mtu liliendelea kuulizwa posa zilipoletwa, na wajukuu walijibishwa kwa jambo ambalo bibi zao hawakulichagua. Ujuzi wa kukumbushana tunao wa kurithi.

Wapo wanawake waliolikataa deni hilo kwa kuikataa ndoa yenyewe. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake The Comforts of Home cha mwaka 1990, amesimulia malaya wa Nairobi ya wakoloni, wale wa Pangani na Pumwani. Waliuza zaidi ya kitanda: maji ya kuoga, chai, chakula, mazungumzo ya jioni, yaani nyumba nzima kwa saa chache. Wengi wao walikuwa Waislamu au walisilimu, na kwa akiba zao walijenga nyumba za kupangisha. Walipozeeka, baadhi waliwarithisha wanawake wenzao waliowachagua wenyewe, baba na kaka wakabaki wanatazama. Upande wa Bukoba, wanawake wa Kihaya waliokwenda Nairobi na Kampala walirudi na hela, wakanunua vibanja mahali ambapo binti hakurithi ardhi. Walisengenywa sana, na waliosengenya walikuja kukopa. Sitaki kuipamba habari hii, maana ilikuwa maisha ya hatari, na Kagera, mkoa wa Bukoba hiyo, ililipa gharama kubwa tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walipotambuliwa huko mwaka 1983. Ila inajibu swali ambalo huku kwetu haliulizwi: mwanamke mwenye chumba chake, kitabu chake cha benki na uamuzi wake, anapata nini kwa "kutolewa"? Kama anachopata ni jina la mke tu pamoja na lawama isiyokwisha, basi wale wa Pumwani walipiga hesabu sawasawa.

Kuhusu ugonjwa, ambao ndio hoja ya mwisho ya kila anayekosa hoja: wapimwe wote wawili, kabla, kama wachumba wengine. Utafiti wa kitaifa wa 2016-17 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima wa Lindi chini ya asilimia 1, huku Njombe ikipita 11. Hatupaswi kujisahau, ila tusimtwike mwanamke mmoja hofu ya mkoa mzima.

Nimalizie na sheria, kwa sababu hapa maneno ya mtaani yanageuka kuwa ushahidi. Kanuni ya Adhabu inamtaja kahaba katika kifungu cha 176, pamoja na wazembe na wazururaji, na anayekutwa barabarani anajua kifungu hicho kuliko wanasheria wengi. Kisichojulikana ni Sheria ya Ndoa ya 1971. Wengi wa wanaosemwa wametolewa baa hawakufungishwa ndoa hata kidogo: walihamia tu, begi moja, kitanda kipo. Kifungu cha 160 kinasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi, mpaka wakapata sifa ya kuwa mume na mke, itachukuliwa kuwa wameoana, isipokuwa ithibitishwe vinginevyo. Sifa hiyo hutolewa na nani? Na sisi majirani. Tukimwita "mke wa fulani" tunamjengea kesi yake. Tukimwita "yule wa baa" miaka mitano mfululizo, siku anapofukuzwa tunasimama barazani na kumnyang'anya hata kile alichokitolea jasho. Hata dhana hiyo ikipinduliwa, kifungu hicho hicho kinamruhusu aombe matunzo yake na ya watoto. Na tangu hukumu ya Mahakama ya Rufani katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, mwaka 1983, kupika, kufua na kulea huhesabiwa kuwa mchango katika mali ya familia. Mahakama haikutoa sharti kuwa mpishi awe na historia nzuri.

Waandishi wa toleo hili tumewaomba wasitaje majina ya wanawake wala vitongoji vyao. Kwa wanaume tulitoa ruhusa ya kujitaja, na hakuna aliyeitumia.

Kuna kifungu kimoja zaidi ambacho ningependa kila binti wa Nangurukuru, Somanga na Mchinga akijue kabla mshenga hajabisha hodi. Ni cha 58 cha Sheria hiyo ya Ndoa: ndoa haibadilishi umiliki wa mali ambayo mtu anayo. Kiwanja alichonunua mwenyewe, kwa hela yoyote ile, kinabaki chake baada ya harusi. Karatasi ya mauziano iandikwe jina lake, si la mchumba, ipigwe muhuri kwa mtendaji wa kijiji, na nakala moja ikae kwa mama. Mchumba akinuna, posa isubiri.