Daftari za Umma Zisitegemee Hifadhidata Moja

Programu za wavuti ambazo hospitali, shule na mahakama hutunzia habari za raia aghalabu hushikamana na hifadhidata moja tu, hata ikawa muhali kuzibandua. Rai yangu ni kwamba kila programu inayogharimiwa kwa mali ya umma iwekewe sharti, tangu mkataba wake unapoandikwa, la kuweza kuendeshwa juu ya hifadhidata mbili zilizo mbalimbali, na uwezo huo uthibitishwe kwa majaribio kila msimbo unapobadilishwa.

Sababu ya kwanza ni milki. OpenMRS, programu ya kumbukumbu za wagonjwa iliyoanza kutumika Eldoret mwaka 2006, ilijengwa juu ya hifadhidata ya MySQL. Nayo MySQL ilinunuliwa na Sun Microsystems mwaka 2008 kwa takriban dola bilioni 1, kisha Januari 2010 Sun yenyewe ikaingia mikononi mwa Oracle, na yote hayo yakapita pasipo tabibu wala mgonjwa kutakwa shauri. Michael Widenius, mmoja wa waasisi wa MySQL, alikuwa amekwisha anzisha tawi la MariaDB mwaka 2009 kwa kuihofia hali hiyo, na Wikipedia ikahamia huko mwaka 2013. Tawi hilo lilifanana na shina lake, ndiyo maana kuhama kukawezekana. Lakini kuiendea PostgreSQL, hifadhidata nyingine iliyotokana na utafiti wa Berkeley ulioanza 1986, ni kazi ya namna nyingine kabisa.

Wako wadhanio kwamba, maadamu zote hutumia lugha ya SQL, yatosha kubadilisha anwani ya seva. Hasha! MySQL, kwa mpangilio wake wa kawaida, ikitafutiwa "juma" humleta na "Juma", ilhali PostgreSQL huyahesabu kuwa majina mawili. Tena MySQL ya zamani, isipokazwa masharti, ilipokea tarehe ya sifuri tupu na kulikata kimya jina lililozidi nafasi yake, mambo ambayo PostgreSQL huyakataa waziwazi. Kwa hiyo, na hii ndiyo sababu ya pili, kuongeza hifadhidata nyingine huifichua kasoro iliyolala ndani ya daftari, na faida hiyo hupatikana hata kama hakuna atakayehama kamwe.

Sikatai kwamba gharama ipo. GitLab, kampuni ya programu, iliiacha MySQL mwaka 2019 ikabaki na PostgreSQL pekee, kwa kuwa kuzihudumia zote mbili kuliwazuia wahandisi wake kutumia uwezo kamili wa ile waliyoichagua. Hoja hiyo ni ya insafu kwa kampuni ibebayo hasara yake yenyewe. Bali daftari la kliniki likikwama, hasara humwangukia mama mjamzito aliye kwenye foleni, ambaye hakushiriki katika uchaguzi ule. Wala siitetei hifadhidata ya pili iliyo ya jina tu, kwani isiyojaribiwa ni ahadi ya uwongo, na ni heri mkandarasi akiri kwamba anayo moja.

Basi wizara na kaunti ziyaandike haya katika mikataba yao: majaribio yote yaendeshwe juu ya hifadhidata zote mbili, na kila mwaka nakala kamili ihamishwe kutoka moja hadi nyingine, ihesabiwe na kulinganishwa mbele ya maofisa wa idara. Asiyeweza kuyaonyesha hayo asilipwe fungu lake la mwisho.